Picha za harusi za baharini zinatoka na weupe: shida ni kamera, bahari, au sisi watu wa mlimani?

#1 MangiWaPasua
Wakuu kwema. Mimi na mchumba tunafunga ndoa hapa Moshi mwezi wa tisa. Kamati imeshagawa kadi za michango, ukumbi umelipiwa nusu, huko hakuna neno. Neno liko kwenye picha. Mwenzangu hataki zile za bustanini, bwana kaning'iniza koti begani, bibi ananusa ua. Anataka Zanzibar, na si kusimama ufukweni tu. Anataka kuruka kutoka kwenye mashua akiwa na shela mwilini, anataka juu ya ngalawa, anataka fungu la mchanga katikati ya bahari, na moja chini ya maji kabisa.

Kinachonitisha ni binamu yangu. Naye alikwenda huko na mpiga picha kutoka hapa hapa, na picha karibu zote za mchana zimetoka na weupe, kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa chenye maziwa. Sura zimefifia, bahari imekuwa kijivu. Mpiga picha anasema ni joto la pwani. Binamu anasema kamera ni mbovu. Mama mkubwa anasema ni mekapu. Kabla sijatoa hela nataka kujua nani mkweli. Na mengine yote ya maandalizi mwageni hapa.

#2 Ngarenaro_Kwetu
Nimeweka kiti mbele. Mchaga analipia boti ili alowanishe shela? Uzi huu usifutwe.

#3 LenziYaKisongo
Mleta mada, hiyo kazi nimeifanya sana, bara na visiwani. Jibu lako ni kiyoyozi. Mpiga picha amelala hotelini, chumba kina baridi, kamera imelala mezani. Asubuhi anatoka nayo moja kwa moja mpaka ufukweni. Kioo cha lenzi bado cha baridi, hewa ya nje ina mvuke mwingi, mvuke ukigusa kioo unakuwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Anapiga, anaona weupe, anafuta kwa fulana, baada ya dakika unarudi. Na wakati mwingine umande umeingia ndani nyuma ya kioo, huko fulana haifiki.

Huku Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, kwa hiyo mtu anaweza kupiga harusi maisha yake yote asikutane na kitu hicho. Dawa: kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa, begi litolewe nje nusu saa au zaidi kabla ya kuanza, lipate joto taratibu. Weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Au zima kiyoyozi usiku, mlale na jasho lenu, ndoa ni uvumilivu.

#4 Mpemba_wa_Kaloleni
Kaka #3 umesema vizuri lakini umande wa kiyoyozi unaisha. Kioo kikishapata joto umande umekwenda zake. Mleta mada kasema picha karibu ZOTE za mchana. Kitu kinachokaa mchana kutwa ni chumvi. Binamu alikwenda mwezi gani, na upande gani wa kisiwa? Kama ni kati ya mwezi wa tano na wa tisa upande wa Paje au Jambiani, huo ni msimu wa kusi, upepo unapiga kutoka baharini siku nzima. Wazungu wanafuata upepo huo huo kwa mchezo wa kaiti, kuvutwa majini na tiara. Rasharasha za maji zinaruka, zinakauka kwenye kioo, inabaki chumvi. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu unaisambaza tu, na unakwaruza kioo juu yake. Elekeza lenzi hiyo kwenye jua, picha nzima inakuwa nyeupe.

#5 MangiWaPasua
Mpemba, alikwenda mwezi wa saba, Jambiani.

#6 Mpemba_wa_Kaloleni
Nilijua. Nimemaliza.

#7 LenziYaKisongo
Hujamaliza. Jambiani hoteli zina viyoyozi pia.

#8 DadaMekapu_Sakina
Naomba mnisikilize kabla hamjamalizana. Mama mkubwa ana akili. Bibi harusi akipakwa mafuta ya kuzuia jua yenye zinki, juu yake poda nyeupe ya kukausha jasho, halafu mpiga picha akamulika fleshi, uso unarudi mweupe wa majivu. Kwa macho huoni kitu, kwenye picha unaona. Kwa ngozi zetu ndiyo balaa zaidi. Nimewapaka maharusi wengi wa kwenda pwani, siku hizi siwapi poda ya aina hiyo hata waombe.

#9 Ngarenaro_Kwetu
Dada, nani anapiga fleshi mchana jua la utosi? Mbona unatuchanganya.

#10 LenziYaKisongo
#9, hapo dada yuko sahihi. Mchana ndiyo tunapiga fleshi zaidi, ili kuondoa vivuli vya machoni. Jua likiwa juu kabisa macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Ila poda inaweupisha uso, haiweupishi bahari. Na mleta mada anasema bahari imekuwa kijivu.

#11 Mtoto_wa_Uru
Mnasahau jambo jepesi kuliko yote. Kijana alipiga vizuri, akaharibu kwenye kompyuta. Kuna mtindo wa picha za harusi kuinuliwa mwanga mpaka kila kitu kinakuwa cheupe, wanaona ndiyo kisasa. Kwenye shela ndani ya ukumbi inapendeza, kwenye bahari ya Jambiani inafuta bahari. Omba faili za mwanzo kabla hajaediti, mtajua ukweli.

#12 MangiWaPasua
#11 hiyo nimeipenda, nitamwomba binamu. Wakati huo tuendelee na mengine. Wapi fungu la mchanga na saa ngapi? Mwenzangu kaonyeshwa video ya Nakupenda.

#13 Mpemba_wa_Kaloleni
Hapa ndipo wengi wa bara mnapoliwa. Mnauliza hoteli, mnauliza bei ya boti, hamuulizi mwezi. Angalia mbingu kwanza.

Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inafika karibu mita 4. Kwa Unguja siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alasiri, na hukupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo, na saa zake zinageuka: inajaa asubuhi hiyo ya saa nne, inakupwa alasiri. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Sasa piga hesabu. Fungu la Nakupenda linaonekana maji yakiwa yamekupwa, yakijaa linamezwa. Ukienda siku za bamvua asubuhi, una uwanja mzima wa mchanga mweupe. Ukienda alasiri siku hizo hizo, nahodha atakuonyesha maji na kukwambia "lilikuwa hapa". Jioni ya siku hiyo hiyo hamia Kendwa au Nungwi, bahari imejaa mpaka juu na jua linazama mbele yenu. Siku moja, picha zote mbili.

#14 Bibi_Harusi_Mstaafu
Nathibitisha #13. Sisi tulifikia pwani ya mashariki, tumeshuka na shela saa nne asubuhi, bahari haipo. Ilikuwa imekwenda mpaka kule mawimbi yanapopigia mwambani, mbele yetu ni matope, majani na vijiti. Mume wangu akauliza kama imefungwa.

#15 Ngarenaro_Kwetu
Nimecheka peke yangu ndani ya daladala.

#16 Mpemba_wa_Kaloleni
Dada #14, vile vijiti ni mashamba ya mwani. Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima tangu 1989 hivi, kamba zimefungwa kati ya kijiti na kijiti. Naona maharusi wanaingia katikati na mashela yao, wanakanyaga, wanakatisha kamba, wanapiga na akina mama wenyewe bila kuwaomba. Lile ni shamba la mtu. Wewe wa Kibosho ukimkuta mtu anaruka ruka kwenye migomba yako apigwe picha, utamletea chai?

#17 Mtoto_wa_Uru
Tutamletea mbwa.

#18 NesiMajengo
Salaam wote. Mnazungumza lenzi na mwezi, hakuna aliyeuliza kama bibi harusi anajua kuogelea. Mleta mada, anajua?

#19 MangiWaPasua
Anajua kidogo. Alijifunzia kwenye chemchemi ya Chemka.

#20 NesiMajengo
Kidogo haitoshi kuruka na shela. Nakueleza kama nesi, si kama mchangiaji wa kupita. Matabaka ya neti yanakunywa maji, gauni linakuwa zito na linazunguka miguuni, miguu inakosa kupiga. Mtu anayeogelea vizuri akiwa na kaptura anaweza kushindwa akiwa na shela. Kwa hiyo:

Toeni ile fremu ya ndani na sketi za kujazia. Ndani avae kaptura na fulana ya kuogelea, ili ikibidi gauni livuliwe majini bila aibu wala mjadala. Awepo mtu anayejua kuogelea sawasawa ambaye kazi yake ni kumwangalia bibi harusi tu, asiwe mpiga picha, maana huyo macho yake yako kwenye kamera. Nahodha azime mashine kabla mtu hajagusa maji. Kuruka ni pale tu nahodha alipopima kina na kukuta hakuna mwamba.

Na hii ya chini ya maji: msimfundishe kuhema harakaharaka mara nyingi ili "ajaze pumzi". Kuhema hivyo kunaondoa ile hali ya mwili kudai hewa, mtu anazimika chini kimyakimya bila kuhisi kukosa pumzi. Avute pumzi ya kawaida, ashuke, apigwe mbili tatu, apande.

#21 FundiShela_Rindima
Nesi asante. Mimi ni mshonaji, hapa Moshi mjini, naongezea la kwangu. Shela la kukodi lisiende baharini. Narudia, LISIENDE. Nimeletewa mashela yamekauka na chumvi, shanga zimepauka, lesi imekuwa ngumu, mchanga umejaa kwenye pindo mpaka ukilikunja linakwaruza. Mwenye duka anashikilia dhamana yote na ana haki.

Shoneni la pili la kuchezea, shifoni nyepesi au satini nyembamba, tabaka moja au mawili, mkia mfupi. Shifoni kwenye upepo inaruka yenyewe, humhitaji mtu wa kurusha mkia na kukimbia. Likitoka majini lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, lianikwe kivulini. Mgongoni wekeni zipu, si kamba za kufunga. Anachosema nesi cha kulivua majini, kamba zikilowa hazifunguki.

#22 DadaMekapu_Sakina
Zipu ikiingia mchanga inakwama, fundi. Afadhali mpira mgongoni, livutwe tu kama dera.

#23 FundiShela_Rindima
Zipu ya plastiki yenye meno makubwa haikwami kirahisi. Mpira unafanya gauni lionekane la kulalia.

#24 DadaMekapu_Sakina
Kwenye picha ya chini ya maji nani anaona mgongo? Na kuhusu kichwa: wigi la gundi msithubutu. Jasho la pwani na maji ya chumvi vinaachisha gundi, na upepo wa kusi hauna heshima. Asuke. Misuko iliyobanwa, ua limepachikwa, kazi imekwisha.

#25 Kijana_wa_Sanawari
Pete je? Sisi tulipiga picha ya kushikana mikono majini, mafuta ya jua vidoleni, pete ya shemeji ikatoka taratibu tunaiangalia. Maji mafupi ya kiunoni, tukazamia mchanga wote, haikupatikana. Mpaka leo familia inaambiwa iko kwa sonara inarekebishwa.

#26 Ngarenaro_Kwetu
Shemeji akipita humu imeisha hiyo. Beba pete za bandia za mtaani, halisi ziache kwa mama.

#27 KondaMstaafu
Tuongee usafiri. Moshi mpaka Dar basi la alfajiri, mnalala Dar, kesho yake boti ya asubuhi mpaka Unguja, safari ya kama masaa mawili majini. Na siku hizi kuna SGR, ile treni ya kisasa, mnaunganisha.

#28 Mtoto_wa_Uru
#27 SGR ya wapi mzee? SGR inatoka Dar kwenda Morogoro na Dodoma. Kwetu kuna treni ya reli ya zamani, ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020. Ni safari ya usiku kucha, nzuri kwa mtu asiye na haraka wala shela.

#29 KondaMstaafu
Haya, treni ni treni.

#30 LenziYaKisongo
Mkienda kwa ndege kutoka KIA au uwanja wa Arusha hapa Kisongo, angalieni ukubwa wa ndege. Zile ndogo za propela moja nyingi mzigo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, si sanduku gumu, na kamera inahesabiwa humo humo. Betri za kamera na pawabanki zinakaa begi la mkononi, msizitumbukize kwenye mzigo wa chini. Droni msibebe kimyakimya, inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kuipata baada ya kushikiliwa uwanjani kunakula siku zenu zote za fungate.

#31 Bibi_Harusi_Mstaafu
Na kuna ile bima ya Zanzibar dola 44 kwa kila anayeingia, wekeni kwenye bajeti.

#32 Mpemba_wa_Kaloleni
Dada, ile ilianza 1 Oktoba 2024 kwa wageni wa kutoka nje ya nchi. Mtanzania haimhusu, beba kitambulisho chako tu. Aliyekutoza wewe ni papasi, wale vijana wa kuganda wageni.

#33 Bibi_Harusi_Mstaafu
Hakunitoza mtu, nilisoma tu mahali. Usinizeeshe.

#34 MangiWaPasua
Asanteni. Sasa niko njia panda. #13 anataka bamvua. Jana nimeongea na mtu anayewapeleka wageni kuogelea kisiwa cha Mnemba, yeye anasema chini ya maji twende siku za maji mafu. Nifuate lipi?

#35 Mpemba_wa_Kaloleni
Wote wawili tuko sawa, ndiyo shida. Bamvua maji yanakimbia kwa nguvu, yanatibua mchanga, chini kunakuwa na vumbi la maji. Maji mafu yametulia, unaona mbali, lakini fungu linaonekana kidogo au linaonekana alasiri badala ya asubuhi. Chagueni kipi ni roho ya picha zenu. Au ingieni siku mwezi ulipo kati, mpate nusu ya huku na nusu ya huku.

#36 LenziYaKisongo
Nusu ya huku na nusu ya huku ndiyo namna ya kukosa vyote. Mangi, mimi nakwambia toa picha ya chini ya maji kwenye safari ya Zanzibar. Piga hapo hapo nyumbani, Chemka. Maji ya chemchemi, safi mpaka unaona mizizi chini, hayana chumvi ya kuua shela, hayana mkondo wa kukupeleka Kenya. Nendeni siku ya kazi, asubuhi na mapema, kabla wageni wa magari hawajaanza kurukia ile kamba. Mnajaribu gauni, mnajaribu pumzi, mnajua kama bibi harusi anaogopa. Kisha mkifika baharini mnapiga za juu ya maji tu.

#37 Ngarenaro_Kwetu
Hapo sasa! Na Materuni maporomoko yapo, ziwa Chala lipo, ziwa Duluti lipo. Mnakwenda kutafuta nini Zanzibar? Shela jeupe, nyuma Kilimanjaro kavaa theluji, mtu wa Nungwi anakuonea wivu.

#38 DadaMekapu_Sakina
Kilimanjaro anajificha siku atakayo. Umelipa mpiga picha, umelipa mimi, mlima umejifunika mpaka jioni. Bahari angalau haijifichi.

#39 Bibi_Harusi_Mstaafu
Mimi bahari ilijificha.

#40 Kijana_wa_Sanawari
😂😂 dada #39 umeshinda uzi.

#41 MangiWaPasua
Mwenzangu kasoma uzi. Kasema Chemka sawa kwa majaribio, lakini picha ya ukutani ni ya bahari, hilo halina kikao. Pia anauliza: mimi nikivaa shuka jekundu la Kimasai chini ya maji, yeye shela jeupe, itapendeza?

#42 LenziYaKisongo
Mangi unavaa shuka la Kimasai kwa idhini ya nani? Tuache hilo. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini. Ukishuka mita chache tu jekundu linageuka kahawia, ukizidi linakuwa jeusi, na shela litakuwa la bluu. Mkitaka jekundu libaki jekundu, kaeni karibu na uso wa maji, mita moja au mbili, mchana jua likiwa juu. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo jua la saa sita linafaa. Au vaa njano, inadumu zaidi. Hata rangi ya mdomo ni hivyo hivyo, dada wa Sakina azingatie.

#43 NesiMajengo
Na kama kuna mwenye wazo la kupiga mbizi na mtungi ili mkae chini muda mrefu, msipande ndege kabla ya masaa 18 kupita tangu mtoke majini. Hii ni kwa wote mnaopanga ratiba ya kubana, mbizi asubuhi, ndege ya KIA jioni. Wala msipange kutoka mbizini kwenda kupanda mlima kesho yake.

#44 Mpemba_wa_Kaloleni
La mwisho kutoka kwangu, la adabu. Mji Mkongwe na vijijini si ufukwe wa hoteli. Shela la mgongo wazi mkipita Darajani, mjifunike kanga mpaka mfike mnapopigia. Mabusu ya picha yawe huko ufukweni kwenye hoteli yenu, si mbele ya msikiti. Mwezi wa tisa hamtakuta Ramadhani, lakini anayesoma uzi huu baadaye ajue: Ramadhani mchana hakuna picha za kula wala kunywa hadharani. Na kile kiti cha pweza mnachokiona kwenye mchanga, kile chenye mikono mitano, kisitolewe majini kuwekwa kichwani kwa bibi harusi. Mapapasi watakupa wenyewe, kataeni, kinakufa.

Pia vaeni viatu vya mpira mkiingia majini. Kuna wale wanyama wa baharini weusi wenye miiba mirefu wanakaa kwenye miamba. Mwiba ukivunjikia kisiginoni, fungate yako ni kuchechemea.

#45 Mtoto_wa_Uru
Machweo mashariki hakuna, si ndiyo? Maana sisi tunataka kwenda Michamvi.

#46 Mpemba_wa_Kaloleni
Michamvi ni rasi, ina pande mbili. Pingwe inatazama mashariki, ndiko ule mkahawa uliojengwa juu ya mwamba, maji yakikupwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Kae inatazama magharibi, jua zuri la jioni unalipata pale. Jua la Zanzibar mwezi wa tisa linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na halina masihara, likigusa maji mna dakika chache giza limeingia. Msianze kupaka mekapu saa kumi na moja.

#47 DadaMekapu_Sakina
Mimi napaka saa nane. Anayechelewa ni bwana harusi anayetafuta soksi.

#48 MangiWaPasua
Wakuu, nimerudi. Binamu kanitumia faili za mwanzo kabla hazijaeditiwa. Nimekaa nazo usiku na mwenzangu. Za asubuhi mwanzo kabisa zina weupe katikati, pembeni ziko safi. Baadaye kidogo zinasafika. Kisha kuanzia mchana weupe unarudi, ila kwenye zile tu zilizoelekea jua. Zilizolipa jua mgongo ziko safi, bahari bluu kabisa.

#49 LenziYaKisongo
Weupe katikati asubuhi, ukaisha wenyewe: umande. Kiyoyozi. Asante kwa kunishuhudia.

#50 Mpemba_wa_Kaloleni
Kuanzia mchana, kwenye jua tu: chumvi. Asante kwa kunishuhudia.

#51 Mtoto_wa_Uru
Na hizo safi zenye bahari bluu, kwenye albamu zilitoka bluu au kijivu?

#52 MangiWaPasua
Kijivu.

#53 Mtoto_wa_Uru
Kompyuta. Kijana kaona chache zina weupe, akaziweupisha zote zifanane.

#54 DadaMekapu_Sakina
Na nyuso? Tuma moja ya fleshi tuone paji la uso.

#55 MangiWaPasua
Binamu hataki uso wake uwekwe humu. Ila mwenzangu anasema paji la uso linang'aa.

#56 DadaMekapu_Sakina
Mmesikia.

#57 Ngarenaro_Kwetu
Kwa hiyo wote mmeshinda na kijana wa watu kafukuzwa kazi. Mangi, sasa mpiga picha unamtoa Moshi au unachukua wa kule kule Unguja?

#58 MangiWaPasua
Hapo ndipo vita ilipo nyumbani. Wa kule anajua bahari na hana nauli ya kulipiwa. Wa huku anatujua sisi, na ndiye atakayepiga kanisani. Mwenzangu anataka wa kule, mama anasema harusi moja haipigwi na watu wawili.

#59 FundiShela_Rindima
Chukueni wa huku, apande treni na shela.

#60 LenziYaKisongo
Wa huku ana begi la kamera kilo 9. Shela atalivaa?